Mama Baraka, usimngoje fundi Jumamosi

Kondele, Kisumu

Kwako Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Huku tu wazima, shule zimefungwa na watoto wanashinda nje licha ya jua kali. Mama anakuulizia kila mara.

Ujumbe wako niliupata pamoja na ile picha. Nimeona kisanduku cha faiba kimeshapigiliwa ukutani, ruta uliyonunua, kile kifaa cha kugawa intaneti kwa waifai nyumbani, bado imo kwenye katoni yake, nawe unamngoja yule fundi arudi Jumamosi akuwashie. Nimefurahi sana kwamba umeachana na bando za kila siku. Wateja wanaokutumia mitindo ya nguo kwa WhatsApp hawatakukosa tena hewani. Ila hilo la fundi ndilo lililonifanya nikae niandike barua ndefu badala ya kukujibu kwa maneno mawili. Usimngoje. Iwashe mwenyewe leo jioni, ukiwa umetulia.

Sababu yangu ni hii. Kila ruta ina ukurasa wake wa mipangilio, na anayeshika nenosiri la ukurasa huo ndiye mwenye mtandao wa nyumba yako. Anaona vifaa vyote vilivyounganishwa. Anaweza kumfungia mtu huyu na kumfungulia yule, hata kukufungia wewe unayelipa kila mwezi. Nenosiri hilo hutungwa pale ruta inapowashwa mara ya kwanza, na kumwachia fundi saa hiyo ni sawa na kumwachia mwashi funguo za nyumba aliyokujengea. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini nyumba ni yako.

Hapa kwenye saiba yangu, duka la kukodisha intaneti, jambo hili naliona sana. Mama mmoja mwenye duka la nguo, jirani yangu, aliwekewa ruta na fundi wa kampuni fulani. Fundi akatunga nenosiri, hakuliandika popote, na baadaye akaacha kazi. Yule mama alipotaka kubadilisha nenosiri la waifai, kwa sababu ghorofa nzima ilikuwa inaitumia bure, hakuwa na njia ya kuingia. Ilibidi ruta irudishwe ilivyotoka kiwandani na kazi yote ianzwe upya, siku ya soko, wateja wakisubiri kulipa.

Kwa hiyo tuanze na taa. Kwenye kile kisanduku cha ukutani tafuta taa iliyoandikwa PON na nyingine iliyoandikwa LOS. PON ikiwaka imara bila kupepesa, mwanga wa faiba unafika kwako. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hapo usihangaike na ruta hata kidogo. Ipigie kampuni. Ule uzi mwembamba unaoingia kwenye kisanduku ndani yake ni kioo, basi usiukunje wala kuubana nyuma ya kabati, na usichungulie ncha yake ukichomolewa, maana mwanga wake hauonekani kwa macho ya binadamu ingawa unaweza kuyaumiza.

Sasa toa ruta. Kabla hujaiweka popote igeuze uipige picha chini. Kile kibandiko kina jina la waifai la kiwandani, nenosiri lake la kuanzia, na anwani ya ukurasa wa mipangilio. Chukua waya mfupi uliomo katonini, uchomeke kwenye tundu la kisanduku lililoandikwa LAN, na upande wa pili kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN au Internet. Mara nyingi tundu hilo hupewa rangi ya peke yake. Yale mengine yanayofanana ni ya kompyuta na televisheni. Washa, subiri dakika mbili tatu taa zitulie.

Hapa ndipo wengi hukwama na kudhani ruta ni mbovu: zima data ya simu kwanza. Ukijiunga na waifai ambayo bado haina intaneti, simu nyingi hurukia data kimyakimya, kisha ukiandika anwani ya ruta simu inaitafuta nje duniani na haiioni. Data ikiwa imezimwa, fungua Chrome uandike anwani iliyo kwenye kibandiko. Kwa kawaida ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kwa ruta za TP-Link unaweza kuandika tplinkwifi.net. Chrome ikikuonya kwamba ukurasa si salama, usishtuke. Mnazungumza wewe na ruta yako, humo humo ndani ya nyumba. Namba hizo zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani katika waraka wa mwaka 1996, ndiyo maana nyumba yangu ya Kondele na yako ya Nakuru zinaweza kutumia namba ileile bila kugongana.

Ukurasa ukifunguka, ruta nyingi za siku hizi zitakulazimisha utunge nenosiri la usimamizi. Za zamani ziliridhika na jina admin na nenosiri admin, na dunia ililipia uzembe huo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani kama 60 hivi, basi, na kwa orodha hiyo fupi ikateka kamera na ruta kwa maelfu ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa viliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye vifaa hawakujua lolote. Walikuwa wamevichomeka na kuvisahau.

Utatunga manenosiri mawili, na usikubali yafanane. La kwanza ni la ukurasa wa mipangilio, ujue wewe na Baba Baraka tu. La pili ni la waifai, ambalo wote wa nyumbani watalijua. Kwa hili la pili nakuomba kwa dhati: usiweke namba yako ya simu. Nakuru nzima na Kisumu nzima watu wanaweka namba za simu. Namba ina tarakimu 10, mbili za mwanzo ni 07 au 01, zinabaki 8, yaani michanganyiko milioni 100 kwa kila mwanzo, milioni 200 kwa jumla. Mtu aliyenasa mawimbi ya simu yako inapojiunga anaweza kwenda nazo kwake, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha ikamaliza michanganyiko hiyo yote kwa dakika chache. Chukua maneno manne yasiyohusiana, moja la Kikuyu, moja la nyanyako, yale utakayokumbuka wewe, uyaunganishe. Waifai hukubali herufi 8 hadi 63, nafasi unayo. Kisha andika yote mawili kwenye karatasi na uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Usiandike kwenye daftari la vipimo, maana hilo linashikwa na kila anayekusaidia kushona.

Ukiulizwa aina ya ulinzi, chagua WPA3 kama vifaa vyenu vinaikubali, la sivyo WPA2. Kitu kinachoitwa WPS, kile cha kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri, kizime. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba hiyo ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu nusu, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia, hivyo mwizi hahitaji kubahatisha mamilioni. Kubahatisha mara 11,000 kunatosha. Zima pia ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Hutaihitaji. Halafu tafuta pa kusasisha programu ya ruta, uiache ijisasishe, na stima isizimwe katikati ya kazi hiyo.

Intaneti yenyewe inaweza kuja mara moja au isije. Iulize kampuni kama laini yako inajipanga yenyewe au inatumia PPPoE. Ikiwa ni PPPoE watakupa jina na nenosiri la laini, uyaandike kama yalivyo, herufi kubwa kwa ndogo. Kuna hitilafu nyingine inayosumbua hata mafundi: kisanduku cha kampuni nacho kinaweza kuwa kinatumia 192.168.1.1, na ruta yako hivyo hivyo. Hapo ruta haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Baadhi ya ruta hujisahihisha. Yako isipojisahihisha, nenda sehemu ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani, uibadilishe anwani yake iwe 192.168.50.1, ihifadhi, ujiunge upya.

Mahali pa kuiweka nimekufikiria sana, kwa sababu nyumba yako ni ya mawe yale mazito ya Nakuru. Ruta yako inatoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahetsi 5 yana kasi lakini huchoka haraka yakikutana na kuta. Ya gigahetsi 2.4 hayana kasi hiyo lakini hufika mbali. Pale sebuleni utumie ya 5, na kibanda cha kushonea kilicho karibu na geti kitumie ya 2.4. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, tangi la maji na mabati, wala usiifiche nyuma ya televisheni. Na kwa kuwa ploti yenu imejaa waifai za majirani, kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana.

Wateja watakuomba waifai, najua moyo wako, utawapa. Wawekee waifai ya wageni. Iko kwenye ukurasa huohuo, ina jina lake na nenosiri lake, na anayeingia huko hapati njia ya kufikia simu zenu wala kompyuta ya Baba Baraka. Televisheni nayo ningeiweka huko.

Kuhusu Baraka na zile video ulizoniambia, kuna jambo la kufanya. Kwenye sehemu ya DNS, yaani pale ruta inapoambiwa itaulizia wapi anwani za tovuti, andika 1.1.1.3 na chini yake 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, nayo hukataa tovuti za ngono na zile zinazojulikana kueneza programu haribifu. Haimzuii akitumia data ya simu, kwa hiyo mazungumzo yenu naye yaendelee. Lakini simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani na haijawekewa DNS yake yenyewe, kinga ipo. Na uone jinsi sehemu hiyo moja ilivyo na nguvu. Mtu mbaya akiingia humo na kuandika anwani zake, unaweza kuandika jina la benki yako na ukapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Ndiyo maana nasisitiza nenosiri la usimamizi lisitoke mikononi mwako.

Stima. Ukipata UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, itakusaidia sana, lakini soma adapta kwanza kama ni volti 12 au 9, ulinganishe, kwa sababu volti zikizidi ruta inaweza kuungua. Na lazima ilishe vifaa viwili, ruta na kisanduku cha faiba. Ruta ikiwaka peke yake utakuwa na waifai isiyo na intaneti. Mvua ikija na radi chomoa vyote kwenye soketi. Uzi wa kioo haupitishi umeme, ila waya wa stima unaupitisha, na sisi wa huku ziwani, ambako radi hupiga karibu mwaka mzima, tumeshaona vifaa vingi vikiondoka hivyo.

Fundi akija Jumamosi mkaribishe chai. Mwombe akupimie kasi ya laini kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya, uone kama unapata ulicholipia. Akihitaji kuingia mtandaoni mpe waifai ya wageni. Akisema lazima apate nenosiri la usimamizi, muulize anataka kubadilisha nini, na ulichape mwenyewe huku ukitazama anachofanya.

Ukikwama kwenye ule ukurasa wa PPPoE nipigie baada ya saa mbili usiku, nitakuwa nimefunga saiba. Nitumie na picha ya taa zote, ya kisanduku na ya ruta, nitajua pa kuanzia. Msalimie Baba Baraka, na mama mkwe wako kule Njoro umwambie zile mbegu za sukuma alizonipa zimeota vizuri.

Wako akupendaye,
Mama Achieng