Kwako dada uliyeninyanyua miguu

Kiangazi chote nilizunguka matamasha na mbio za hisani mjini, nikiandika habari zake ili michango ipatikane. Siku ya kuchangia damu nikaona nami nitoe. Chupa ilipojaa, mililita 450 hivi, nikainuka haraka mno, nikaona giza.

Wewe, dada wa kitambaa cha kijani, ulinilaza chini, ukaegemeza miguu yangu juu ya begi lako ili damu irudi kichwani, ukanishika kifundo cha mguu mpaka jasho la baridi likakauka. Ukaninywesha maji, tena ukanikataza kabisa kusimama kabla ya robo saa. Nilipotafuta jina lako, ulishaondoka.

Ahsante sana, dada yangu. Mungu akuzidishie. Miezi mitatu ikitimia nitachangia tena.