Lenzi ya papa potwe na nyangumi

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Umeuliza ununue lenzi ya milimita ngapi kwa video za papa potwe na nyangumi. Milimita (zikipungua, lenzi inaona eneo pana zaidi) ziweke kando kwanza. Anza na urefu wa mnyama na umbali utakaoruhusiwa kumkaribia.

Papa potwe wa mita 8, ukiwa ubavuni mwake kwa mita 4, anahitaji lenzi yenye pembe ya kuona ya nyuzi 90 ili aingie mzima, kichwa hadi mkia. Ukiwa mita 3, inahitajika 106. Kwa sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha) yenye upana wa mm 36, lenzi ya mm 18 inatoa nyuzi 90, ya mm 14 inatoa 104. Usijidanganye kwamba utarudi nyuma na kutumia mm 24. Kila mita ya maji unayoongeza inakula wekundu na kuongeza chembechembe kati yako na mnyama, na papa potwe hufuata maji yenye planktoni, yaani yale yale yenye ukungu. Ukungu huo hautoki kwenye uhariri.

Lenzi ni nusu tu ya ununuzi. Nusu nyingine ni dirisha la kasha lisilopitisha maji linalobeba kamera. Dirisha bapa hupunguza pembe, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani: lenzi ya mm 16, yenye nyuzi 97 nchi kavu, inabaki na 68 hivi, tena kingo zinatoa michirizi ya rangi. Kwa hiyo chukua kuba, yaani dirisha lililobinuka kwa nje. Nayo ina mambo yake. Kuba yenye nusu kipenyo cha sm 10 humfanya nyangumi aliye mbali kabisa aonekane na lenzi kama yuko sm 30 tu mbele ya kioo. Ya sm 5 humleta hadi sm 15. Lenzi isiyoweza kufokasi karibu kiasi hicho itakupa ukungu kutoka mwanzo hadi mwisho. Taswira hiyo pia imejikunja, ndiyo maana kona za picha hupoteza ukali. Dawa ni kuba kubwa, tundu la lenzi lililopunguzwa hadi f/8 au f/11, na pete ya kurefusha (hukaa kati ya kasha na kuba) yenye kipimo sahihi, ili kitovu cha kuba kikutane na mahali mwanga unapoingilia lenzi. Pete ikikosewa kwa sentimita kadhaa, hata lenzi ya bei mbaya itaonekana mbovu.

Je, fishai (lenzi pana sana inayopinda mistari) au lenzi inayoacha mistari iliyonyooka ilivyo? Fishai inakaa vizuri nyuma ya kuba ndogo, na kwa kuwa mnyama hana mstari ulionyooka, mpindo wake haumsumbui mtazamaji. Kwa samaki aitwaye taa manta anayekuja mwenyewe hadi mita moja, sioni mshindani. Lakini sheria ikikuweka mita 3 au 4, fishai ya nyuzi 180 itamfanya papa awe kidole katika bahari ya bluu, na ukizungusha kamera haraka kingo zinayumba kama mpira. Wewe unawafuata wanyama wenye masharti ya umbali, basi ningechukua zumu ya mm 16–35 na kuba ya kipenyo cha sm 20. Kuba hiyo ni kubwa, inasukumana na maji unapoogelea, na hewa iliyomo huinua pua ya kamera. Funga uzito mdogo chini ya kuba.

Kabla hujalipa, angalia kama kamera yako hukata kingo za picha inaporekodi 4K (video ya ukali wa juu). Ikikata mara 1.5, mm 16 zako zimekuwa 24, na hesabu yote ya juu imeharibika. Utulizaji wa kielektroniki, ule wa kupunguza mtikisiko, nao hukata, uzime.

Fokasi ya otomatiki huhangaika kwenye bluu tupu, na kuhangaika huko kunaonekana kwenye video. Ukishaingia majini, fokasi kwenye mapezi ya mwenzako aliye mita 2 au 3, kisha uifunge. Futa kuba kwa kiganja, mapovu hung'ang'ania pale. Mizani ya weupe (inayorekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe) ipange upya kila unaposhuka mita chache.

Niandikie aina ya kamera na kasha, nikupe kipimo cha pete.

Wako,
Mwinyi