Harambee ya viatu vya kutelezea: watoto wetu wa Winnipeg waingie barafuni

Wazee wetu, wazazi wenzangu, ndugu na marafiki wa jumuiya yetu ya Kiswahili hapa Winnipeg,

Amani iwe kwenu. Nawaandikia kwa niaba ya kamati ya vijana, lakini ninayoyasema niliyaona mwenyewe.

Jioni moja ya Januari iliyopita nilisimama kando ya uwanja wa barafu wa wazi, ule wa jirani na nyumba za kupanga wanakokaa wengi wetu. Watoto kama kumi walikuwa wakicheza hoki. Kijana wetu mmoja wa miaka tisa, ambaye wazazi wake walitoka Uvira wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa golini. Walipopumzika nikamwuliza kama yeye ndiye kipa wao. Akaniambia, "Hapana mama, mimi sina viatu." Golini mtu anaweza kusimama na mabuti ya theluji. Kukimbia na wenzako kunataka viatu vyenye chuma chini. Kwa hiyo kila siku wanamweka golini, na kila siku anakubali ili asikose kucheza. Kile kisahani cheusi wanachokipiga kina uzito wa kama gramu 170, na kwenye baridi ya hapa kinakuwa jiwe. Nilikiona kikimpiga pajani, naye alikuwa na suruali ya kawaida ya shule. Akasugua paja, akarudi kusimama.

Ndiyo maana tunaitisha harambee.

Tunao watoto 24 wa miaka saba hadi kumi na tatu walioandikishwa na wazazi wao. Kila mmoja anahitaji viatu, gongo, kofia ngumu yenye wavu wa uso, kinga ya shingo, ya mabega, ya viwiko na ya ugoko, na glavu. Tumezunguka maduka ya mitumba ya michezo na kupiga bei, tukaona kwamba dola 250 zinamvika mtoto mmoja kutoka kichwani hadi miguuni. Kofia hatutanunua ya mtumba, hapo hatubani matumizi. Hizo ni dola 6,000. Saa ishirini za kukodi uwanja wa ndani, pamoja na mwalimu wa kuwafundisha kusimama, kuanguka na kuinuka, ni dola 4,600. Na kuna dola 3,200 za tiketi za kwenda kuwaona Jets, timu ya hoki ya mji wetu, ambazo nitazieleza, maana najua zitazua maswali. Jumla ni dola 13,800. Mkononi tuna 3,150.

Wengi wetu tulifika mji huu baada ya 2011, tukaikuta timu ipo, tukadhani imekuwepo siku zote. Muulize jirani yako yeyote mwenye mvi. Jets wa kwanza walianza 1972, wakaingia ligi kuu ya NHL 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya: wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani na mashabiki walilipa kwa dola ya Kanada, iliyokuwa imeshuka sana, na uwanja ulikuwa mkuukuu, wa tangu 1955. Mei 1995 watu wa hapa wakafanya jambo ambalo yeyote aliyelelewa kwetu angelitambua papo hapo. Walijaa kwa makumi ya maelfu pale The Forks, mito miwili inapokutana, wakachanga. Watoto walivunja vibubu vyao wakaleta sarafu. Zilipatikana pesa nyingi, timu ikabaki msimu mmoja zaidi. Hazikutosha. Tarehe 28 Aprili 1996 Jets walicheza mchezo wao wa mwisho, wakafungwa na Detroit Red Wings, kisha wakahamishiwa Phoenix, kwenye jangwa.

Wenzao wa Quebec City walikuwa wameshapoteza timu yao mwaka mmoja kabla. Ilihamia Denver, na msimu wake wa kwanza tu huko ikatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Quebec wakajenga uwanja mpya wa viti zaidi ya 18,000, ukafunguliwa 2015, na timu ya NHL bado haijarudi. Kwa hiyo mapenzi peke yake hayaleti timu, hata ukuta na paa havileti.

Winnipeg ilisubiri miaka 15, ikisubiri huku inajipanga. Uwanja mpya ulisimama katikati ya mji mwaka 2004. Mwaka uliofuata ligi ikaweka kikomo cha mishahara ya timu, na dola ya Kanada ikapanda. Basi timu ya Atlanta, Thrashers, ilipokosa mnunuzi wa kuiweka kule, kampuni ya True North ya Mark Chipman na David Thomson ikainunua kwa dola milioni 170 za Marekani, na kati ya hizo milioni 60 zilikuwa ada ya ligi kwa kuhama tu. Habari ikatangazwa 31 Mei 2011. Sasa mji ulitakiwa kuonyesha kwamba utajaza viti. Mkono mtupu haulambwi. Watu wakaombwa kununua tiketi za msimu 13,000, kwa mkataba wa miaka 3 hadi 5, kwa timu ambayo wakati huo haikuwa hata na jina. Zile zilizobaki kwa watu wote zilifunguliwa tarehe 4 Juni. Ziliisha kwa dakika 17.

Sisimulii haya nikiwasahau watu wa Atlanta. Wao wameondolewa timu mara mbili, 1980 na 2011, na kule nako kulikuwa na watoto waliolala wanalia. Sisi tulioacha nyumba zetu hatuwezi kuliona hilo kuwa jambo dogo. Lakini wachezaji waliotoka Atlanta walipokelewa hapa kama ndugu, na mmoja wao alikuwa Dustin Byfuglien, beki mkubwa mwenye namba 33, mtoto wa baba mweusi, aliyeichezea Jets hadi 2019. Mwanangu mkubwa alimwona kwenye televisheni mwaka wetu wa kwanza, tukiwa bado tunalala kwenye magodoro ya msaada, akaniita kutoka jikoni nije haraka nione. Nilikuja na mwiko mkononi. Hadi leo nakumbuka uso wa mtoto wangu kuliko mchezo wenyewe.

Kilichonigusa zaidi katika habari ile ya 2011 ni ahadi. Mtu wa kawaida, fundi wa mabomba, mwalimu, muuguzi, aliweka sahihi kwamba atalipa miaka mitatu mfululizo, na akalipa. Nasema hili kwa upendo, kwa sababu daftari letu la harambee ya mwaka jana lina ahadi za dola 5,000, na zilizofika ni hizo 3,150 nilizotaja. Ahadi ni deni. Kama jina lako limo humo, tafadhali anza na hiyo kabla ya kuandika nyingine. Kama mambo yamekuwa magumu, mwambie mweka hazina, tutaifuta bila neno. Tunajua kodi za nyumba zilivyo, na tunajua kila mmoja ana watu nyumbani wanaomtegemea.

Sasa tiketi. Katika kikao cha kamati mzee mmoja aliuliza kwa haki kabisa: watoto hawana viatu, nasi tunawapeleka kutazama matajiri wakicheza? Tulilijadili hadi usiku, na mimi nilikuwa upande wa kuzinunua. Huu ni mji wa watu wasiofika milioni moja, unashindana na Toronto, New York na Chicago. Timu inakaa hapa kwa sababu moja, viti kujaa. Msimu wa 2023–24 tiketi za msimu zilishuka hadi karibu 9,500 kutoka zile 13,000, na wasiwasi wa zamani ukarudi mdomoni mwa watu. Mji umebadilika tangu 1995. Tembea Central Park jioni ya kiangazi, dakika chache tu kwa miguu kutoka uwanja wa Jets, utasikia Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura na cha Kigoma kwenye benchi moja. Watoto wetu wanacheza soka pale huku makelele ya mechi yakiwapita, kana kwamba ni sherehe ya watu wengine. Mimi nataka wahesabiwe miongoni mwa walioibakiza timu. Viti vinne kwa michezo kumi ni nafasi 40, kwa hiyo kila mtoto ataenda angalau mara moja, na nafasi 16 zinabaki kwa wazazi watakaowasindikiza.

Na mkitilia shaka kama tutakuwa na mahali petu mle ndani, kumbukeni desturi ya hapa tangu 1987: timu ikiingia mtoano, mji mzima huvaa nyeupe. Masika moja baba mmoja wa kwetu Mombasa alitoka kazini, akavaa kanzu yake ya Idi juu ya sweta, akashuka mtaani kulikojaa watu. Alipigwa picha na wageni zaidi ya siku ya harusi yake. Mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa hapa, alimshika mkono akamwambia kwamba hiyo ndiyo nyeupe safi kuliko zote mtaani.

Harambee itakuwa Jumamosi ya tatu ya Septemba, ukumbini kwetu, kuanzia saa kumi jioni. Tutafuata mtindo wa soshali za Manitoba, zile sherehe za kuchangisha pesa, ila chakula kitakuwa chetu: pilau, mishkaki, sambusa, na akina mama wa Burundi wameahidi maharage na ndizi. Kutakuwa na mnada wa keki na wa kuku. Mwenye viatu vya kutelezea vilivyowabana watoto wake avilete, hata kimoja kikiwa na kamba iliyokatika. Fundi wa kunoa vyuma tunaye, amejitolea. Dola 10 zinanunua kinga ya shingo ya mtumba. Dola 250 zinamvika mtoto mzima, na ukitaka tutakwambia ni mtoto gani ili umwone akicheza. Asiyeweza kufika amkabidhi mweka hazina baada ya ibada au baada ya swala ya Ijumaa, na kila mchango, hata wa dola mbili, utapewa risiti na kusomwa.

Miguu ya watoto tutaipima Jumapili inayofuata, saa nane mchana, hapohapo ukumbini. Waje na soksi nene watakazovaa barafuni, maana wengi hununuliwa namba ya kiangazi. Yule kijana wa golini tumeshamwandika wa kwanza.