Kabla Hujanunua Fayawoli ya Nyumbani kwa Ajili ya Watoto

Mzazi anayetupigia simu kuhusu fayawoli huwa na swali moja: ninunue kipi ili watoto wasione tena machafu ya mtandaoni? Swali hilo tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ameshakuta kitu kwenye tabuleti ya mtoto kikamnyima usingizi. Hata hivyo hatumtajii kifaa papo hapo. Tunamweleza kwanza kichujio, yaani kifaa au huduma inayozuia tovuti zisizofaa, huona nini na hakioni nini. Akishalijua hilo, maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi hayamyumbishi.

Tuanze na kifaa ulicho nacho tayari. Ruta uliyofungiwa na kampuni ya intaneti ina fayawoli ndani yake. Kazi yake ni kumzuia wa nje: mawasiliano yakija bila kifaa cha ndani kuyaomba, hukataliwa. Kwa kazi hiyo ruta nyingi za nyumbani zinatosha, mradi umebadilisha nenosiri la msimamizi, unaisasisha programu yake, na umezima UPnP, ile huduma inayoviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango ya kuingilia bila kukuuliza.

Kwa mtoto mambo yamegeuka. Yeye yuko ndani, na ndiye anayeomba. Fayawoli ya kawaida humletea alichoomba bila kujali ni nini. Kwa hiyo mzazi anayetafuta fayawoli ya watoto anatafuta vitu viwili kwa pamoja, ukuta wa kumzuia wa nje na kichujio cha kupima maombi ya walio ndani. Kuna vifaa vyenye vyote viwili na kuna vyenye kimoja tu, na muuzaji asipoulizwa aghalabu hatofautishi.

Anza na cha bure

Sisi tunauza vifaa hivi, na bado tunamwambia kila mteja aanze na DNS kabla ya kutoa pesa. Unapofungua tovuti, kifaa chako huiuliza kwanza seva ya DNS jina hilo lina anwani gani ya namba. Ukiielekeza ruta kwenye seva inayochuja, tovuti ya ngono ikiulizwa haitolewi anwani yake ya kweli, na ukurasa haufunguki. Badiliko hilo hufanyika mara moja kwenye ruta na hugusa vifaa vyote vya nyumba, hata televisheni ambayo huwezi kuiwekea programu ya ulinzi.

Cloudflare inatoa huduma hiyo bure tangu mwaka 2020 kwa anwani 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS, ambayo Cisco iliinunua mwaka 2015, ina FamilyShield kwa 208.67.222.123 na 208.67.220.123. CleanBrowsing nayo ina kichujio cha familia kwa 185.228.168.168, na hiki ni kikali zaidi: kinalazimisha utafutaji salama kwenye Google na kuzuia tovuti nyingi zinazotumika kukwepa vichujio. Kwa mtoto wa shule ya msingi tungechukua hicho. Kijana wa miaka kumi na sita kitamkera kwa kazi halali za shule.

Soma namba kwa makini. 1.1.1.2 ya Cloudflare na 9.9.9.9 ya Quad9 ni huduma nzuri sana dhidi ya programu hasidi, lakini hazichuji ngono. Tumezikuta kwenye nyumba ambazo wazazi waliamini kila kitu kimefungwa.

Jambo la pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4. Kama kampuni yako ya intaneti inaitoa, ruta inaweza kuwa na njia mbili za kuuliza majina, na ukibadilisha ya IPv4 peke yake vifaa vitaendelea kuuliza kwa njia ya pili. Weka anwani za aina zote mbili. Kwa Cloudflare, ya IPv6 ni 2606:4700:4700::1113. Ruta isiyokubali kuwekewa DNS ya IPv6 ni sababu halali ya kununua nyingine.

Kichujio kinaishia wapi

Karibu tovuti zote siku hizi hutumia HTTPS, yaani mawasiliano yamefungwa kati ya kifaa na tovuti. Kichujio kinafanana na mtu anayepanga barua: anasoma anwani iliyo juu ya bahasha, barua yenyewe haioni. Kinajua mtoto ameingia YouTube. Hakijui anatazama video gani. Ndiyo maana kwa tovuti zenye mema na mabaya ndani ya jina moja, unafunga yote au unafungua yote.

Kwa bahati wenye tovuti kadhaa wameacha mlango. Kichujio kikijibu swali la YouTube kwa anwani ya restrict.youtube.com, YouTube yenyewe huwasha hali ya kudhibiti video, restrictmoderate.youtube.com hufanya hivyo kwa kiasi. Google ina forcesafesearch.google.com na Bing ina strict.bing.com. Kifaa kinachodai kulazimisha utafutaji salama kinatumia njia hizi, na kwetu hiki ni kigezo cha lazima. Picha nyingi ambazo wazazi wanaziogopa hazitoki kwenye tovuti za ngono. Hutokea kwenye matokeo ya kutafuta picha, pale mtoto alipoandika neno asilolielewa.

Kuna vifaa, hasa vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, vinavyojisifu kwamba vinaweza kuifungua HTTPS na kusoma kilichomo. Kweli vinaweza. Sharti ni usakinishe cheti cha kifaa hicho, yaani faili linaloifanya simu ikiamini kifaa kana kwamba ndicho tovuti yenyewe, kwenye kila simu na kila kompyuta ya nyumbani. Tunawashauri wateja wa nyumbani wasifanye hivyo. Mawasiliano yako ya benki na ya daktari yatapita yakiwa wazi ndani ya kiboksi kimoja, na kikivamiwa, vyote vimevamiwa. Zaidi ya hayo, tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu za simu kwa kawaida haziviamini vyeti vilivyoongezwa na mtumiaji, hivyo nyingi zitagoma kufanya kazi. Utalipa kwa faragha ya nyumba nzima na bado hutaona kilichomo kwenye programu ambazo watoto hushinda nazo.

Njia za kukwepa

Mtoto hahitaji kuwa mtundu ili kichujio kipitwe. Vivinjari vinaweza kufanya DNS yao wenyewe ndani ya HTTPS, mfumo uliowekewa kanuni rasmi mwaka 2018. Firefox ilianza kuuwasha bila kuombwa kwa watumiaji wa Marekani mwaka 2020. Hapo ruta hupitwa kimyakimya, na mtoto hajabofya chochote. Firefox huuliza kwanza jina use-application-dns.net, mtandao ukilikataa jina hilo, yenyewe huacha kutumia mfumo huo, isipokuwa kama mtumiaji aliuwasha kwa mkono wake. Simu za Apple za wanaolipia iCloud+, huduma ya hifadhi ya Apple, nazo zina Private Relay, inayouficha mtandao usijue tovuti zinazotembelewa, ambayo mtandao huweza kuizuia kwa kukataa mask.icloud.com na mask-h2.icloud.com.

Basi muulize muuzaji maswali haya, na asipokuwa na majibu nenda kwingine. Je, kifaa kinayakamata maswali yote ya DNS kwenye poti 53, mlango wa namba ambao maswali hayo hupitia kwa kawaida, hata kama simu imewekewa seva nyingine? Kinafunga poti 853, inayopitisha maswali ya DNS yaliyofungwa? Kina orodha inayosasishwa ya seva za DNS zinazopita ndani ya HTTPS, na ya huduma za VPN, zile zinazopitisha mawasiliano yote yakiwa yamefungwa hadi seva nyingine? Orodha hiyo haiwezi kukamilika, kwa kuwa mawasiliano hayo hutumia poti 443 sawa na tovuti nyingine zote. Anayekuahidi kufunga VPN zote anakudanganya.

Kuhusu kumpa kila mtoto kanuni zake kulingana na umri: wazo ni zuri, ila linategemea kifaa kutambulika. Kichujio kinaitambua simu kwa anwani yake ya MAC, namba inayoitambulisha kwenye waifai, na tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao. Mtoto akiusahaulisha mtandao na kuunganisha upya, huenda akaonekana mgeni. Dawa yake ni kanuni moja: kifaa chochote kisichojulikana kiingie kwenye kundi kali zaidi mpaka mzazi akitoe. Kifaa kisichoweza kufanya hivyo tusingekinunua.

Nani atakiendesha?

Swali hili tunalipa uzito kuliko namba zote za kwenye boksi.

pfSense na OPNsense, ambayo ilijitenga na pfSense mwaka 2015, ni programu huria zenye nguvu kubwa. Unaweza kuziweka kwenye kompyuta ya zamani yenye milango miwili ya mtandao. Kwa mtu anayependa kazi hizi hakuna kitu kizuri zaidi. Lakini kichujio cha nyumbani kinahitaji kuguswa mara kwa mara: mwalimu ametoa kazi, tovuti imefungwa, na aliyesimika mfumo yuko safarini. Kama mzazi aliyebaki nyumbani hawezi kuifungua tovuti hiyo kwa simu yake ndani ya dakika moja au mbili, atachomoa kebo na kuirudisha ruta ya zamani. Tumeona nyumba nyingi zikiishia hapo, na hatuwezi kuwalaumu.

Pi-hole na AdGuard Home, programu za kuchuja DNS nyumbani, ni nyepesi na hukaa hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Kumbuka tu kwamba Pi-hole ikitoka mpya huzuia matangazo; orodha za maudhui ya ngono unaongeza mwenyewe. Viboksi maalumu kama Firewalla, na ruta zenye udhibiti wa wazazi ndani yake, huendeshwa kwa programu ya simu, na kwa familia nyingi ndizo zinazodumu. Hapo chunguza usajili. Kuna vifaa ambavyo malipo yakikoma, kuchuja kunakoma. Uliza pia historia ya tovuti wanazotembelea watoto wako inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama unaweza kuifuta. Kampuni ikishindwa kulijibu hilo kwa lugha rahisi, tusingeikabidhi taarifa za mtoto.

Vichujio pia hukosea kwa kuzidisha. Binti anayetaka kuelewa hedhi, au kijana anayesoma kuhusu magonjwa ya zinaa, anaweza kukuta ukurasa wa kuzuiwa na kuona aibu kuuliza. Hilo ni dhara halisi. Waambie watoto wazi kwamba kichujio kipo, kinazuia nini, na kwamba kuomba tovuti ifunguliwe si kosa. Kwa vijana wakubwa tunapendekeza kuzuia kwa makundi na kuacha kusoma historia yao mstari kwa mstari.

Kasi ni suala fupi: namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya fayawoli tupu. Ulizia kasi ukaguzi wote ukiwa umewashwa, kisha linganisha na intaneti unayolipia.

Siku ya kufunga, zima waifai ya ruta ya zamani. Ni jambo dogo linaloharibu kazi nzima. Kifaa kipya kikiwekwa nyuma ya ruta ya kampuni na ile waifai ya mwanzo ikaachwa hewani, simu za watoto zitabaki humo humo, nje ya kichujio. Ikiwezekana iweke ruta hiyo kwenye hali ya daraja, ili kazi zote zifanywe na kifaa kipya. Mahali pa kuweka vifaa napo pafikiriwe, kwa sababu kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, ambacho hufuta mipangilio yako yote, hubonyezwa kwa pini tu.

Halafu jaribu, kwa simu ya mtoto, siyo yako. Cloudflare wana ukurasa wa majaribio, nudity.testcategory.com, kwa hiyo huna haja ya kufungua tovuti chafu ya kweli kujua kama 1.1.1.3 inafanya kazi. Rudia kwa kivinjari kingine, kisha zima waifai ujaribu tena kwa data ya simu. Kwenye data utaona kichujio cha nyumbani hakipo. Kwa simu zinazotoka nyumbani unahitaji udhibiti ulio ndani ya simu yenyewe: Family Link ya Google, au Screen Time ya Apple iliyokuja na iOS 12 mwaka 2018. Kwenye Android 9 na kuendelea unaweza pia kuandika family.cloudflare-dns.com kwenye mipangilio ya DNS ya faragha, na kichujio kitafuatana na simu kokote, ingawa mtoto anayeijua mipangilio hiyo anaweza kuiondoa.

Mazungumzo na watu wasiojulikana ndani ya michezo na programu za ujumbe hayaonekani kwa kifaa chochote tunachouza. Hayo hufungwa ndani ya mchezo wenyewe, kwenye mipangilio ya nani anaruhusiwa kumwandikia mtoto, na tukija kufunga mfumo tunakaa na mzazi kuipitia mipangilio hiyo kwenye kila mchezo ambao mtoto anacheza.

Ukitaka tukusaidie kuchagua, tuandalie mambo manne kabla ya kupiga simu: aina ya ruta uliyonayo sasa, kasi unayolipia, umri wa kila mtoto na vifaa anavyotumia, na jina la mtu mmoja hapo nyumbani atakayeshika nenosiri na kupokea maombi ya kufungua tovuti. Kama huyo wa mwisho hajapatikana, tutakuwekea DNS inayochuja kwenye ruta yako na kusubiri mpaka mpate kuelewana.