Yah: Feni ya rejeta ya pikipiki inayozunguka kinyume, pamoja na dhamana mliyoikataa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Hatukubaliani na jibu lenu kuhusu feni ya rejeta ya volti 12 tuliyoirudisha. Mmeandika kwamba mota ni nzima kwa sababu inazunguka ikiunganishwa na betri. Kuzunguka inazunguka, ila inazunguka kinyume, na kipimo chenu hakina namna ya kuligundua hilo.

Pikipiki ikiwa mwendoni joto halisumbui, maana upepo wa mbele unatosha kuipooza rejeta. Ikisimama injini ikiwa inaunguruma, feni inawaka kwenye nyuzi 103 hivi, lakini joto halishuki. Linapanda mpaka taa nyekundu inawaka na maji yanasukumwa kupita kwenye kifuniko cha rejeta kwenda tangi la akiba. Fundi akiona feni inazunguka, atabadilisha thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), kisha sensa, kisha pampu ya maji, na ugonjwa utabaki palepale.

Hayo yote tuliyapima kabla ya kuwaandikia. Fyuzi ni nzima, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) inashika, na kwenye plagi mita inasoma volti 12.3 feni ikiwa kazini, kwa hiyo hakuna umeme unaopotelea kwenye waya wala kwenye hasi. Maji yamejaa na hewa imetolewa. Thamostati inafunguka vizuri kwenye maji ya moto. Kilichotoa jibu ni kipande cha tishu: kwa feni ya zamani, tishu ikisogezwa mbele ya rejeta inavutwa na kuganda kwenye mapezi. Kwa feni yenu inapeperushwa na kuanguka chini. Yaani feni inasukuma hewa ya moto mbele, ikishindana na upepo unaotakiwa kuingia.

Kosa liko kwenye plagi yenu. Pini zimepachikwa kwa kupishana: waya mwekundu wa mota unakutana na hasi ya pikipiki, mweusi unakutana na chanya. Mota ya aina hii ukiibadilishia chanya na hasi haiungui, wala haikati fyuzi. Inageuza mzunguko tu. Bila kugusa plagi, tulitumia waya mbili za pembeni kuvukisha chanya na hasi. Feni ikavuta hewa, joto likashuka, na ikazima yenyewe kama inavyopaswa.

Mhudumu wenu alishauri tuchomoe panga tuligeuze. Ushauri huo haufai. Panga likigeuzwa, msokoto wake unabaki uleule, hivyo hewa itaendelea kwenda upande uleule, tena kwa nguvu ndogo zaidi.

Tunadai feni nyingine yenye pini zilizopachikwa sawasawa, pamoja na kifuniko kipya cha rejeta, kwa kuwa spring ya hiki imelegea kwa kufunguliwa na maji ya moto kila mara. Kagueni pia feni zote za fungu hilo kabla hazijauzwa. Kwa tishu, kila moja haichukui hata dakika. Na karatasi yenu ya maelekezo, inayoishia kwenye “hakikisha feni inazunguka”, iongezwe mshale wa mwelekeo wa mzunguko na wa hewa.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Feni mliyoturudishia tumeihifadhi, plagi ikiwa kama ilivyotoka kwenu.

Wenu,
Mafundi wa gereji