Barua kwa mdogo wangu, kuhusu ile karatasi ya ukutani

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia kwamba sasa unashinda na mtoto nyumbani, na kwamba siku zenu hazina mbele wala nyuma. Analala usiku umekwenda sana, anaamka na kilio, anakula huku anakimbia. Akaniambia pia kwamba uliuliza, "Yule alifanyaje mpaka mtoto akawa analala mwenyewe?"

Yule ni mimi. Tangu usiku ule hujaniita dada, na neno hilo "yule" limenikaa kooni wiki nzima. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu hujibu, lakini huku najua unapita kusoma. Basi nakuandikia hapa hapa mbele ya watu, na wengine wenye watoto wa miaka 3, 4 au 5 wachukue kitakachowafaa.

Nianze na ulichouliza.

Sikuanza na ratiba. Uliponiachia mwanao ukaenda masomoni, siku 4 za mwanzo nilimwacha aishi alivyozoea, nami naandika pembeni. Ameamka saa ngapi, njaa imemshika lini, wakati gani analia bila sababu, wakati gani ameinamia mchezo wake hata ukimwita hasikii. Siku ya nne nikasoma nilichoandika, nikaona kilio kikubwa kinakuja saa 11 jioni kila siku. Wewe kilio hicho ulikiita ukaidi, hata ukaniambia nisimdekeze. Ulikuwa usingizi, mdogo wangu. Mtoto alikuwa analala saa 5 usiku, anaamka saa 1 asubuhi, na mchana hajilazi kabisa. Huo ni usingizi wa saa 8. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo lililoutoa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, linasema mtoto wa miaka 3 au 4 alale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Na mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama sisi. Anachachamaa, anaruka, anapiga wenzake, anacheka mpaka kicheko kinageuka kilio. Ukimwona hivyo unadhani bado ana nguvu, unamwacha aendelee, na ndivyo unavyozidi kumpoteza.

Sikumlaza saa 2 kwa nguvu usiku mmoja, nakuapia. Nilianza na asubuhi. Kila siku saa 12 na nusu nilifungua pazia mwanga uingie, awe amelala vizuri au vibaya. Usiku nikawa navuta nyuma dakika 15, tunakaa hapo siku 2 au 3, kisha navuta tena. Ilichukua zaidi ya mwezi. Taa nilizipunguza saa nzima kabla ya kulala, maana mwanga mkali wa jioni unazuia mwili kutoa melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kuwa usiku umeingia, na macho ya watoto wadogo yanapitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Televisheni na simu zilizimwa mapema zaidi. Mwongozo uleule unataka mtoto wa umri huo asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora. Mwanao alikuja kwangu akijua kufungua simu kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati lake. Sisemi ili kukuumiza. Nasema kwa sababu wiki ile ya kwanza aliililia simu kuliko alivyokulilia wewe, na mimi ndiye niliyekaa naye sakafuni akilia.

Sasa ile karatasi.

Unaijua, maana ulikuwa nayo mkononi. Lakini hukuitazama. Ilikuwa na picha 9, nyingine nimechora mimi, nyingine wamechora watoto wenyewe, mwanao na binti yangu, ndiyo maana ile ya kuoga inafanana na mtu anayezama. Kuamka, kunawa na kupiga mswaki, kula, kucheza, kazi ndogo, kupumzika mchana, kuoga, hadithi, kulala. Pembeni kulikuwa na kibanio cha nguo. Kila jambo likiisha, wanakisogeza wenyewe kwenye picha inayofuata. Mtoto wa umri ule saa na dakika hazimwambii kitu, ila anajua vizuri nini kinafuata nini. Mwambie "baada ya nusu saa", umempa maneno matupu. Mwambie "tukishaoga tunasoma hadithi", ameshika. Mwanao alikuwa akiniambia, "Mama mkubwa, kibanio kimesema twende nje." Ubishi ulipungua, kwa sababu aliyekuwa akisema "sasa basi" si mimi tena.

Ukitaka kutengeneza ya kwako, usijaze. Vitu vitatu tu niling'ang'ania visihame: kuamka, milo na kulala. Kilichokuwa katikati kilipanuka na kusinyaa kadiri siku ilivyokwenda. Michezo ya nje ilichukua sehemu kubwa, maana watoto hawa wanatakiwa kutumia mwili dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za kuhema hasa, kukimbia, kuparamia, kuruka. Hazihitaji kuja kwa mkupuo. Kazi ndogo zilikuwa kupanga viatu, kukunja nguo zao, kupeleka sahani jikoni. Walizifanya polepole na vibaya, nami nilijizuia nisizirudie mbele yao.

Asubuhi niliwaachia muda mrefu wa kucheza wapendavyo, bila kuwakatiza. Hili nimelipata kwako. Ulikuwa unasomea mtihani, ukaja jikoni na daftari lako kunisimulia habari za Maria Montessori, yule daktari aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alivyomtazama mtoto wa miaka 3 akirudia kazi ileile mara nyingi, na kelele za wenzake zisimtoe hapo. Ulinisimulia kana kwamba ulikuwepo. Nilikuwa naosha vyombo, nikaacha. Ukadhani sikusikia, kwa sababu mimi sikusoma. Nilisikia.

Na lingine, usimkate ghafla. Akiwa kwenye bembea, usimwambie "dakika 5 zimebaki". Mwambie "mara 3 za mwisho", mhesabu pamoja, kisha simama kweli kwenye 3. Ukiongeza ya 4 kwa huruma, kesho ataidai ya 10.

Nilikuwa na watoto wawili, mdogo wangu. Wako wa miaka 4, wangu wa miaka 3, na kazi yangu ninayoifanyia mezani nyumbani. Uliniomba miezi 2, ikawa 5. Sikulalamika, maana masomo yako niliyataka hata kabla yako. Ila usije ukaniambia kwamba ratiba ilikuwa ya kujionyesha. Bila ile karatasi ningezama.

Usiku ule ulikuja bila kutuarifu. Saa 2 ilishapita, taa imezimwa, watoto wako kitandani, mimi nimekaa sakafuni katikati yao kama kawaida. Ulifungua mlango, ukawasha taa. Nikasema, "Taratibu, ndiyo kwanza wanalala." Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwako ana kwa ana baada ya miezi 5. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila nikiyarudia natamani yangekuwa mengine. Mwanao akainuka, akakaa. Akakuona. Lakini kabla hajashuka kitandani alinitazama mimi.

Alinitazama mimi kwanza, kuniuliza kama inaruhusiwa.

Uliliona hilo. Nami nilikuona ukiliona. Ndipo ulipoigeukia karatasi ukaichana, kwanza katikati, halafu tena, ukasema, "Mwanangu si mfungwa." Kibanio kilirukia chini ya kabati. Binti yangu akaanza kulia. Ukamfunga mtoto shuka juu ya nguo zake za kulalia, mkaondoka usiku uleule, na viatu vyake vikabaki mlangoni vimepangwa alivyovipanga mwenyewe jioni.

Kulikucha, binti yangu akaokota vipande. Akanishikisha mkononi, akauliza, "Sasa tunaanza na nini?"

Kuchana karatasi nimeshakusamehe. Kuichana mbele yao bado sijaweza, nisikudanganye. Mtoto wa miaka 3 alijifunza usiku ule kwamba kitu anachokishika kila asubuhi kinaweza kuraruliwa na mtu anayempenda.

Lakini mlangoni uliniuliza kitu, nami sikukujibu. Uliniuliza, "Ni mara ngapi nilipiga simu ukaniambia amelala?"

Mara za mwanzo alikuwa amelala kweli. Tulikubaliana upige saa 1 jioni, na wewe ulipiga ulipopata nafasi, saa 2 na nusu, saa 3, mara moja saa 4 kasoro. Najua darasani hukujiendesha mwenyewe. Lakini hukuwa unaona kilichokuja baada ya simu. Kila alipoongea nawe usiku alilia saa nzima, siku nyingine mpaka akatapika, na kesho yake kutwa nzima alikuwa mtu mwingine. Nani alifua yale mashuka? Nani aliamka naye? Nilimkinga mtoto. Ndivyo nilivyojiambia, na sehemu yake ni kweli.

Mara 3 hakuwa amelala.

Ya mwisho alikuwa mapajani mwangu na kitabu, picha ya hadithi ndiyo kwanza imeshika kibanio. Nikaona jina lako, nikapokea, nikakuambia amelala. Naye akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama mkubwa, mimi sijalala." Nilimwekea kidole mdomoni. Sijui kama ulimsikia. Ulinyamaza kidogo, ukasema haya dada, usiku mwema, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuniita dada.

Kuna picha aliyotaka kuichora tulipokuwa tunatengeneza karatasi. Alitaka picha ya simu, ya kuongea na mama. Nilimwambia nafasi imejaa. Nafasi ilikuwepo, kati ya kuoga na hadithi, ikabaki nyeupe. Niliogopa ahadi ambayo sikuwa na uwezo wa kuitimiza, maana siku ambayo usingepiga, kibanio kingekwama hapo na mimi ndiye ningeulizwa. Wewe mwalimu, niambie ningefanyaje. Ningeweza kukueleza mapema hayo yote badala ya kukudanganya, hilo nalijua.

Nimeviunganisha vile vipande kwa gundi. Pale peupe binti yangu amechora simu, nimemshikia mkono kidogo tu. Anauliza kila jioni nduguye atapiga lini, nami namsogezea kibanio mpaka kwenye hadithi bila jibu. Viatu bado viko mlangoni, ingawa nadhani sasa vitambana. Huku taa tunazima saa 2. Piga saa yoyote, hata tukiwa tumeshazima. Nitapokea, na kama binti yangu amelala nitamwamsha.

Dada yako