Barua ya wazi kwa Balozi wa Romania: vigae vya makanisa ya vijijini

Mheshimiwa Balozi,

Salamu kutoka Moshi. Mimi ni mhandisi mstaafu wa majengo, Mlutheri, na miaka ya 1980 nilisoma Brașov, mji wa Romania. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka majirani zangu nao wasome, na ninaamini ofisini kwako Nairobi hakukosi mtu wa kukutafsiria.

Jumapili moja mwenzangu wa bwenini alinipeleka Prejmer, kijiji kisicho mbali na mji. Nilitarajia kanisa, nikakuta ukuta: duara la mawe lenye kimo cha mita 12 hivi na unene wa zaidi ya mita 3. Unaingia kwa ushoroba mrefu wenye giza, unatokea uani, na kanisa hilo hapo katikati. Ukigeuka nyuma, ukuta wote kwa ndani ni milango mitupu. Kuna vyumba karibu 270, vimepandana ghorofa kwa ghorofa, na ngazi na roshani zake ni za mbao. Kila kaya ilikuwa na chumba chake chenye namba. Siku za amani waliweka humo nafaka, na adui akitokea walihamia humo wao na watoto wao. Hata darasa lilikuwemo, ili masomo yasisimame. Nilishika mhimili wa mlango mmoja. Mbao zilikuwa zimelainika kama mpini wa jembe la zamani. Nikakumbuka kihenge cha bibi yangu.

Historia yake unaijua kuliko mimi, ila majirani zangu hawaijui. Mwaka 1211 Mfalme Andrew II wa Hungaria aliwapa mashujaa wa Kiteutoni, yaani watawa wapiganaji wa Kijerumani, eneo hilo, na mwaka 1225 akawafukuza. Kanisa walilolianza likaendelezwa na watawa wa Kisistersia. Wakulima wenyewe walikuwa Wasaksoni, watu wa asili ya Kijerumani walioitwa kuja kulima na kulinda mpaka. Mwaka 1241 Wamongolia walipita wakichoma vijiji, na baadaye yakaja mashambulizi ya Waturuki. Miji ilikuwa na kuta zake. Wanakijiji hawakuwa na bwana wa kuwafungulia kasri lake, basi wakalizungushia ngome kanisa lao. Hicho ndicho kinachonigusa mpaka leo, Mheshimiwa: ule ni msaragambo. Kila kaya ilitoa mikono yake, na kila kaya ikapata mlango wake.

Prejmer ina bahati. UNESCO iliiweka Biertan, kijiji kingine chenye kanisa la ngome, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993, na mwaka 1999 ikaongeza vijiji vingine, Prejmer ikiwemo. Lakini makanisa ya ngome yaliyosalia Transylvania, jimbo hilo la Romania, ni zaidi ya 150, na mengi hayamo katika orodha hiyo. Wasaksoni wengi walihamia Ujerumani, hasa baada ya mapinduzi ya 1989 yaliyoangusha utawala wa Kikomunisti, na kuna vijiji ambako waumini waliobaki hawajazi hata benchi moja. Februari 2016, katika muda wa wiki moja tu, minara miwili iliporomoka: wa Roadeș na wa Rotbav. Nilipoziona picha za Rotbav nilikaa kimya jioni nzima. Ile ni kazi ya mikono ya watu, imelala chini kama kichuguu.

Naomba niseme kama fundi. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hauchoki kwa umri, unauawa na maji. Kigae kimoja kikihama, mvua inaingia katikati ya ukuta na kulainisha chokaa. Baridi ya kwenu nayo hugandisha maji hayo, yanatanuka na kusukuma mawe nje. Nje unaona ufa mdogo tu, kumbe ndani ukuta umeshabaki shimo. Kupandisha fundi kurudisha vigae na kuzibua mifereji ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kusimamisha mnara upya.

Ombi langu ni hili. Mfikishie Waziri wa Utamaduni kule București, mji mkuu wenu, kwamba kabla ya taa za watalii na mabango mapya, litengwe fungu la kila mwaka la vigae na mifereji kwa makanisa yasiyo katika orodha ya UNESCO. Katika kila kijiji apatikane mtu mmoja anayelipwa kupanda darini baada ya kila masika na kabla ya kila theluji. Awe Mromania, Mhungaria au Mroma (wa jamii ya Waroma, si wa jiji la Roma), si lazima awe Msaksoni. Wanaoishi pale leo ndio wenye ufunguo.

Kitabu changu cha michoro ya Prejmer ninacho bado, nilichora milango kumi na mitatu kwa penseli. Nitakileta ubalozini nikija Nairobi, kikapelekwe kwa mafundi wa huko iwapo kitawafaa.

Wako kwa heshima,
Mhandisi mstaafu, Moshi